Mahali pa Kunyoosha Mgongo

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa tai. Mama yangu, Bi. Mize wa Jambiani, aliniambia kwamba mtu anayeanza kazi hotelini huvaa tai, nami nikaazima ya mjomba. Nilipofika juu ya paa la hoteli, pale Shangani, Mji Mkongwe, nikawakuta wanabendi wamevaa fulana na kandambili, wanahangaika na nyaya. Kiongozi wa Bendi akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

“Umekuja kupiga gita au kukagua hoteli?”

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya muziki wa roki, kazi niliyoifanya maisha yangu yote ya utu uzima, na ambayo majirani zangu wa Chukwani mpaka leo hawaamini kwamba ni kazi.

Nieleze kidogo kwa ajili yenu vijana mliozaliwa mkakuta muziki unapikwa ndani ya kompyuta. Roki ni muziki wa gita la umeme, drams nzito na sauti isiyoona haya. Bendi yetu ilikuwa na gita la solo, ambalo husemezana na mwimbaji. Gita la ridhim, ambalo hukata mwendo bila kuchoka. Besi, drams, na mwimbaji mwenyewe, Bi. Rukia, mtoto wa mtaa wa Malindi, hapo hapo mjini, aliyelelewa kwenye taarabu akatukimbilia sisi kwa sababu, kwa maneno yake, alichoka kuimba amekaa. Chini ya mguu wa mpiga solo kulikuwa na kikanyagio, kijisanduku cha chuma ambacho ukikikanyaga sauti safi ya gita hugeuka ikakwaruza, kama mtu mpole aliyeudhiwa. Mimi niliajiriwa kwa ridhim. Nyimbo zote tulizopiga zilikuwa za Wazungu. Tulizitoa kwenye kanda, kila mtu akisikiliza sehemu yake na kuirudia mpaka kanda yenyewe inaanza kulia vibaya.

Kiongozi wa Bendi alikuwa Maalim Kheri. Aliwahi kufundisha skuli kabla ya kushika gita la solo, na ualimu haukumtoka. Alikuwa na kidole kirefu cha shahada, na ukikosea alikuelekezea hicho bila kusema neno, huku vidole vingine vinaendelea na wimbo.

Jioni ile ile ya kwanza tulianza kupiga baada ya magharibi. Tulikuwa katikati ya wimbo, nami nimeshasahau tai na kila kitu, macho nimefumba, naikata ridhim kwa raha zangu. Ghafla mpiga drams akazikamata sahani zake za shaba kwa mikono miwili. Besi ikanyamaza. Mimi naendelea. Maalim Kheri akanijia akaniwekea kiganja juu ya nyuzi, na hapo ndipo nikaisikia adhana ya isha ikitoka msikiti wa nyuma ya hoteli. Kabla haijafika katikati, msikiti wa pili ukaanza, kisha wa tatu upande wa sokoni, kwa sababu Mji Mkongwe misikiti imekaribiana na kila mwadhini ana saa yake. Tulisimama kimya na magita shingoni mpaka wa mwisho alipomaliza. Kisha tukauanza wimbo upya tangu mwanzo. Wageni walikuwa wameshageukia sahani zao za pweza.

Tulipokuwa tunakunja nyaya Maalim akaniambia, “Umeuona ule wimbo? Ushakufa. Tumeurudia, lakini si ule.”

“Si kosa letu, Maalim.”

“Si kosa la mtu. Waliozitunga nyimbo hizi kwao hawaadhiniwi, basi hawakuweka mahali pa kusimama. Mtu wa hapa akitunga roki yake, lazima aitilie kituo.”

“Basi ntatunga mie.”

Wenzangu wakacheka. Maalim hakucheka, lakini kidole kikanyooka. “Sikiliza, Haji. Hapa hotelini watu wanatufuata sisi. Wimbo unakuwa wa watu siku wanapouanza wao, na wewe umenyamaza. Siku hiyo njoo unambie kama wewe mtunzi. Kabla ya siku hiyo usinambie, ntakucheka.”

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika taratibu na kupoa taratibu zaidi, na hasira ile ilinichukua miaka mingi.

Kituo ni hivi. Mwishoni mwa ubeti, kabla ya kiitikio, mtunzi anapanga mahali ambapo maneno yametimia na bendi yote inaweza kunyamaza kwa pamoja, bila mtu kubaki ananing'inia. Siku za kawaida kituo ni pumzi moja tu, wimbo unaendelea. Ikiingia adhana, bendi inafika kituo kilicho karibu, inakaa, inangoja mpaka misikiti yote imalize, kisha inaendelea pale pale ilipoachia. Kazi nzito ni ya mwimbaji. Wakati wa kimya chote kile anatakiwa aishike sauti kichwani mwake, maana yeye ndiye anayefungua kiitikio peke yake, bila ala, na ala zinamdaka baadaye. Akianzia juu au chini ya pale tulipoachia, bendi nzima inaumbuka.

“Na nkikosa?” Bi. Rukia aliuliza siku ya kwanza tulipomweleza.

“Hukosi,” Maalim akamjibu, “kwa sababu ukikosa ntakunyooshea kidole mbele ya wageni.”

Hakukosa hata mara moja, yule bibi. Nalisema hili kwa sababu waimbaji hawasifiwi kwa yale wanayoyafanya wakiwa kimya.

Sasa kutunga. Katika kazi yetu Ramadhani ulikuwa mwezi wa kufunika vyombo. Bendi hazipigi. Magita yanaingia mifukoni, drams zinafunikwa shuka, kila mtu anarudi kwao. Wenzangu waliuona mwezi wa kukaa bure, mimi nikaufanya mwezi wa kutunga, na tangu mwaka ule wa kwanza hadi nilipoacha kazi sikuwahi kutunga nje ya Ramadhani. Ukiwa huna gita mkononi huwezi kuuficha ubovu wa maneno nyuma ya kelele. Unabaki na mdomo wako na funga yako.

Nilikwenda kwetu Jambiani. Kina mama wa pwani ile walikuwa wameshaingia kwenye kilimo cha mwani, ambao hufungwa vipande vipande kwenye kamba zilizokazwa baina ya vijiti baharini. Maji yakikauka, yaani bahari ikipwa, wanashuka, na huko huinama mpaka maji yarudi. Nilimfuata mama kumbebea magunia. Jua liko utosini, watu wamefunga, na yeye ameinama kiasi kwamba nikimtafuta kati ya wenzake namtambua kwa kanga tu, sura siioni. Niliona uchungu. Nikajua ninatunga nini.

Mshororo wetu wa Kiswahili una mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita, nao hukatika katikati, nane kwa nane. Drams za roki zinahesabu nne. Ukiweka mizani mbili katika kila hesabu moja, nusu ya mshororo inajaa sawasawa bila kubaki wala kupungua. Niliposhika jambo hilo, nimesimama ndani ya maji ya vifundoni, nilipiga ukelele wa furaha, na wanawake wakadhani nimekanyaga chaza.

“Unasema na nani huko?” mama akaniuliza.

“Natunga wimbo, mama.”

“Wa taarabu?”

“Wa roki.”

“Roki ndo nini?”

Nikaipindua ndoo nikampigia mwendo wa drams kwa viganja.

“Makelele,” akasema. “Haya, hebu nsikie maneno.”

Nikamwimbia:

*Maji makavu mwanangu, inuka twende mwanini,*
*Mgongo huu ni wangu, sikuazima jirani.*

Nikaumaliza ubeti, nikanyamaza kwenye kituo, kama nilivyofundishwa. Mama akangoja. Nikafungua kiitikio:

*Simama mama simama, bahari itangojea.*

“Bahari ya wapi hiyo inayongoja?” akasema, akainamia tena kamba zake. Sikujua kama ameupenda au ameuchukia, na mama yangu hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Baada ya Sikukuu tuliufanyia mazoezi. Maalim akautilia solo fupi, chafu, ya kikanyagio, mpiga drams akaupa uzito, na nilipousikia kwa mara ya kwanza ukitoka kwenye spika nilihisi nimekuwa mrefu zaidi. Tukampelekea Meneja wa Hoteli. Bwana Harish alikuwa mtu mwenye adabu sana. Wazee wake walikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili, na alijua kumkatalia mtu kitu huku akimwagizia chai.

“Wimbo mzuri, Haji. Wallahi mzuri,” akasema. “Lakini mgeni kaja kupumzika. Anataka kusikia anachokijua. Mwani haujui, mgongo wa mama yako haujui. We mpe anachokijua.”

“Akisikia mara nyingi ataujua.”

“Mgeni anakaa siku chache anaondoka. Atausikia mara nyingi lini?”

Hapo alinishika. Lakini kushindwa hoja hakujawahi kunizuia mimi kufanya jambo. Kila jioni, kabla wageni hawajapanda, bendi lazima ijaribu mitambo: kipaza sauti kimoja kimoja, spika moja moja, mpaka sauti zikae sawa. Kwa kawaida mtu huhesabu tu, moja, mbili, moja, mbili. Sisi tukajaribu mitambo kwa *Maji Makavu*, mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu zote. Bwana Harish akaja kusimama mlangoni.

“Mnafanya nini?”

“Tunajaribu mitambo, Meneja.”

Akashuka zake. Tukaendelea hivyo kwa miaka. Waliousikia wimbo wangu walikuwa wapishi, wahudumu, watandika vitanda na mafundi bomba. Wahudumu walikuwa wakishuka ngazi na trei huku wanauimba, na wakifika kwenye kituo wananyamaza, wanaendelea chini. Nilifurahi, lakini nilijua hao wanatufuata sisi, hawauanzi wao. Nilihamia hoteli ya ufukweni huko kaskazini, chini ya Meneja wa Burudani aliyetaka tuvae mashati ya maua, na huko pia nilijaribu mitambo kwa wimbo ule ule. Nilirudi mjini Maalim Kheri alipochoka na kustaafu kwake Kikwajuni, nikashika uongozi wa bendi. Nyimbo nyingine nilitunga nyingi, kila Ramadhani moja au mbili, na nyingine nzuri kuliko ile. Lakini ile ndiyo niliyoigombania na dunia, na mtu huwa na moja.

Mitindo ikabadilika. Vijana walipenda muziki wa kughani, roki ikaonekana ya wazee na ya wageni. Nikaambiwa na watu wengi, kwa huruma, kwamba roki si yetu. Niliwajibu kwamba hata karafuu si yetu, ililetwa ikapandwa.

Kisha tukapata nafasi ya kurekodi studio moja Dar es Salaam. Mtayarishaji, yaani mtu anayeamua wimbo utoke vipi, alikuwa kijana hodari, ana masikio makali. Alitusifu, akaturekodi vizuri, kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

“Mzee, hapa pametoboka.”

“Hapo ni kituo.”

“Mtu akisikia kimya redioni anabadilisha stesheni. Tupazibe.”

Nilimweleza adhana, nikamweleza Mji Mkongwe na misikiti yake. Alinisikiliza kwa heshima zote, na wimbo ulipotoka kituo hakikuwepo. Alikuwa ameushona ubeti na kiitikio bila hata pumzi. Bi. Rukia akaniambia niache, ndio tumefika, redio inatupiga. Na kweli redio za kisiwani zilitupiga. Watu wakanisimamisha sokoni Darajani kunipa mkono. Nikajidanganya kwamba nimeridhika.

Nikaenda Jambiani kupongezwa na mama. Nilimkuta barazani anafunga vijikamba vya mwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Huo wimbo wenu wa redioni mmeuharibu.”

Nikakaa chini. “Umeharibika wapi?”

“Pale pa kunyamaza mmepaondoa. Sisi mwanini tukifika pale tunaacha kamba, tunanyoosha migongo, tukishapumua ndo tunaanza ‘Simama mama’. Huu wenu unakwenda tu, unakwenda tu. Tukiufuata huu utatuvunja viuno.”

“Mnauimba?”

“Tunauimba tokea mwaka ule ule.”

“Mbona hukunambia?”

“Kwani ulidhani umemtungia nani?” Akavuta kamba nyingine. “Sema, hiyo ‘Simama mama’ yenu inaanzia chini mno. Sisi tunaanzia juu.”

Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima na mvi zangu, na yeye akaendelea kufunga kamba ili nisione haya. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama juu ya paa nikiwabembeleza watu wasionijua, na wimbo wangu umeshuka baharini bila mimi kujua.

Nilipofika mjini nilikwenda moja kwa moja Kikwajuni. Nikamhadithia Maalim Kheri yote, nikamaliza kwa kusema, “Basi, Maalim, watu wanauanza wenyewe.”

“Nani?”

“Mama na wenzake.”

“Mama wa mtu hahesabiwi,” akasema, akanimiminia kahawa. “Wala shoga zake mama. Nenda kafanye kazi.”

Niliondoka pale nimemkasirikia kama siku ya kwanza. Lakini shauri moja lilikuwa limeshakatwa moyoni mwangu. Kituo nitakirudisha. Nitakirudisha mbele ya watu wa mjini, wanaoujua wimbo wa redioni uliozibwa, na watakingoja au watanipa mgongo, na hapo tutajua roki hii ni ya nani.

Sikukuu ile iliyofuata tulialikwa kupiga kwenye uwanja ambao watu hukusanyika jioni za Idi. Anayeijua Sikukuu ya Unguja anajua: watoto na nguo mpya, urojo, aiskrimu, bembea, na watu wa shamba waliokuja mjini kutembea. Vijana wa bendi yangu walikuwa na wasiwasi. Mpiga drams akaniambia, “Mzee Haji, tukisimama katikati watadhani umeme ushakatika. Watakwenda zao.”

“Tutasimama.”

“Wanajua ile ya redioni.”

“Nnasimama, nshasema. Anayetaka kuendelea aendelee peke yake.”

Waliotutangulia wakarefusha, tukapanda jukwaani tumechelewa. Mwenyekiti wa Kamati ya Sikukuu akanifuata ana saa mkononi. “Isha hiyo inakaribia. Ngojeni adhana ipite, ndo mpige.”

Yule mwenyekiti alinitakia mema, na mtu mwenye akili angengoja.

“Tunapiga sasa,” nikamwambia. “Wimbo huu unajua kungoja wenyewe.”

“Ukikatwa katikati shauri yako.”

Tukaanza. Gita likakwaruza, drams zikaingia, na uwanja ukapokea kwa shangwe, kwa sababu wanaijua ya redioni. Ubeti wa kwanza, kituo cha pumzi moja, kiitikio. Watu wakayumba kidogo pale kwenye pumzi, wakacheka, wakaendelea. Ubeti wa pili ulikuwa haujafika nusu niliposikia mwadhini wa kwanza akigonga kipaza sauti chake. Nikageuka nikamwangalia mpiga drams. Tukautimiza ubeti, tukafika kituo, na mikono yote ikashuka kwa pamoja.

Uwanja ukawa kimya isipokuwa adhana. Nilisimama na kiganja juu ya nyuzi, kama nilivyowekewa siku ya kwanza. Msikiti wa pili ukaanza. Watu wa nyuma nikawaona wanageuka, wanakwenda kwenye urojo. Wanaume kadhaa wakatoka kwenda kusali, hao sikuwalaumu. Kijana mmoja akakagua taa, kumbe kweli anadhani ni umeme. Msikiti wa tatu. Moyo ulinidunda mpaka nikahofia kipaza sauti kitaudaka. Nilijiambia: Haji, umeupoteza, umeupoteza mbele ya mji mzima kwa ukaidi wako.

Ndipo nikawaona. Upande wa kushoto wa jukwaa, kundi la wanawake wa Jambiani na kanga zao za Sikukuu, mama yangu kati yao. Walikuwa wameweka mikono viunoni, wamenyoosha migongo, nyuso juu, wanapumua, vile vile kama wako mwanini. Hawakuhangaika hata chembe. Wanajua kwamba wimbo haujaisha. Waliosimama karibu nao wakawatazama, wakatulia, na waliokuwa nyuma ya hao wakatulia, na utulivu ule ukaenda taratibu mpaka kwenye wale waliokuwa wanaondoka. Wakasimama walipokuwa, na bakuli zao za urojo.

Mwadhini wa mwisho akamaliza. Bi. Rukia, ambaye alikuwa ameishika sauti kichwani muda wote ule, akafungua mdomo.

Hakuwahi. Uwanja uliimba kabla yake.

*Simama mama simama, bahari itangojea!*

Sijui nani alikuwa wa kwanza. Wanawake wa Jambiani walikuwemo, lakini sauti ilitoka pande zote, kwenye bembea, kwenye aiskrimu, juu ya ukuta. Bi. Rukia akafunga mdomo, akashika kifua, akacheka. Sisi wapigaji tukaanza kuhangaika kuwatafuta walipo, maana hawakuwa tulipoachia. Mpiga besi akawapata kwanza, nikamfuata, drams zikatudaka, na tukamaliza wimbo tukiwa nyuma ya watu, tunawafuata. Machozi yalinitiririka wala sikuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Niliacha kazi muda si mrefu baada ya hapo. Sikio la kushoto, lile lililokaa upande wa drams maisha yangu yote, lilianza kulia filimbi mchana na usiku, na daktari akaniambia nichague baina ya amplifaya na sauti za wajukuu. Nimechagua. Nakaa Chukwani, nalima mihogo, na Ramadhani ikiingia bado natunga, mkono haujui kwamba nimestaafu. Vijana huja kunionyesha nyimbo zao kwenye simu. Wana vipaji, baadhi yao kunishinda, na nawaambia. Lakini nyimbo zao zimejaa kila mahali, kama chumba kilichowekwa makochi mpaka mlangoni. Nawaambia wafikirie anayeimba akiwa anafanya kazi, mtu mwenye mgongo. Wengine wananielewa. Wengine wananiaga kwa adabu.

Na mkitaka kuishi kwa kazi hii, tafuteni mtu wa kuwakatalia. Mimi nilikuwa naye, na asubuhi ya pili baada ya jioni ile ya Sikukuu nilikwenda Kikwajuni kumpa mkono wa Idi. Maalim Kheri alikuwa kitandani, amedhoofu, lakini kidole cha shahada kilikuwa kile kile.

“Nimesikia mlisimama,” akasema.

“Tulisimama, Maalim. Isha yote.”

“Kisha?”

“Wakaanza wao.”

“Mama'ko.”

“Mama alikuwemo. Lakini uwanja mzima, Maalim. Watu nisiowajua.”

Akafumba macho, kama mwalimu anayetafuta kosa. “Walianzia sauti ile mlipoachia?”

“Hata kidogo. Walianzia juu, nusu yao hawakuifikia. Bi. Rukia mwenyewe asingeifikia.”

Akafumbua macho, na yule mzee ambaye hakunicheka siku ya kwanza akaangua kicheko mpaka mkewe akaja kuchungulia mlangoni.

“Basi ndo wenyewe hao,” akasema. “Wangepatia, ningesema mmewafundisha.” Akasogeza miguu yake, akanipigia kiganja kwenye ukingo wa kitanda. “Karibu ukae, mtunzi.”